Kilomita ya Thelathini na Nane

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu Loice,

Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo umepona, ama bado unawainua wale wazee wa watu unaowauguza usiku kucha hadi asubuhi hauwezi kunyooka? Na watoto, shule inaendaje? Sisi huku Magwagwa tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa, majani chai yameanza kuchipua, na goti langu la kushoto linauma kidogo tu. Ulisema simu zinakukuta kazini au usingizini, afadhali niandike, utasoma ukipumzika. Basi nimenunua daftari. Nitaandika kidogo kidogo hadi mvua hii ndefu iishe, kisha nitampa mwalimu Onsongo, ambaye mwezi wa saba anakuja huko Minnesota kumwona mwanawe.

Jambo lenyewe umelianzisha wewe. Ile filamu uliyonitumia, ya yule mama wa nchi ya theluji, nimeitazama mara nne. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, unajua, kwa hivyo nilikuwa nasimamisha simu nisome maandishi ya chini polepole. Kwanza nilidhani ni maigizo. Kumbe ni mtu wa kweli, mjane wa miaka sitini na mmoja, anakamua ng'ombe wake alfajiri, kisha anavaa viatu vya marehemu mume wake vilivyojazwa vitambaa, anatoka kukimbia. Wanamcheka. Anakimbia. Na ile siku ya marathoni anafika wa mwisho kabisa, giza linaingia, lakini kijiji kizima bado kimesimama barabarani kikimpigia sufuria. Loice, nililia hadi kuku wakanitazama.

Mimi sijawahi kupigiwa makofi ila siku ya harusi, na hata siku ile walikuwa wanampigia Ochoki.

Sasa sikiliza. Pale sokoni wamebandika tangazo. Jumapili ya tarehe nane Juni kuna marathoni kutoka hapa Magwagwa, kupitia Nyamira, hadi uwanjani Kisii, ya kusaidia wodi ya kina mama wanaojifungua. Mbio zinaanza saa moja asubuhi na lango la uwanja linafungwa saa saba mchana. Atakayefika kabla ya saa saba jina lake litaandikwa kwenye ubao wa waliomaliza. Nimesimama mbele ya tangazo hilo kama mtu anayesoma orodha ya waliopita mtihani. Unakumbuka darasa la saba nilivyofika mbio za wilaya, na baba akakataa nisiende mkoa kwa sababu ya ile kaptula? Hata kwenye kitabu cha chai, miaka sita tangu tumzike, bado imeandikwa Ochoki. Nataka jina langu liandikwe mahali, kwa jambo nililolifanya kwa miguu yangu. Hilo tu. Nimeliombea.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekimbia hadi kwenye kituo cha kupimia chai na kurudi. Nimetapika uji wa wimbi wote.

Jumapili, 16 Machi

Jana alasiri, baada ya ibada ya Sabato, tuliionyesha filamu kanisani kwa kina mama wa kikundi cha Dorkasi. Projekta ilitoka shuleni, shuka jeupe lilikuwa langu. Walipofika pale yule mama anapoanguka kwenye barafu na kuinuka, kanisa zima lilikuwa likivuta kamasi. Taa zilipowashwa, Celestine akasimama. Unamkumbuka Celestine, kiongozi wetu, sauti yake inafika ng'ambo ya mto. Akasema, "Kina mama, Bwana amesema nami kupitia filamu hii! Nani ataenda pamoja nami hadi Kisii?"

Mikono kumi na moja. Nilihesabu mara mbili. Nilimkumbatia Celestine. Huyo ni mwanamke ambaye Mungu alimpa moyo wa watu watatu.

Jumatano, 19 Machi

Tumeanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, kumi na mmoja wote. Mama Nyabuto alikuja na gambuti za mpira miguuni. Tulicheka hadi tukashindwa kukimbia. Kilomita tatu. Tumemaliza kwa maombi, na Celestine ameomba muda mrefu kuliko tulivyokimbia.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Tumekuja tisa.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Saba. Mama Nyabuto anasema gambuti zimemchubua, viatu vingine hana. Nimemwambia yule mama wa filamu alivaa vya marehemu. Amenijibu, "Wangu bado yuko hai, na viatu anavivaa mwenyewe."

Pale kituoni shemeji yangu Nyamweya, mdogo wa Ochoki, aliniona nikifika na kapu mgongoni, jasho likitiririka. Akapaza sauti mbele ya wachumaji wote: "Shemeji, kuna nini? Unamkimbia mtu ama unamkimbilia?" Wakaangua kicheko. Nikamwambia namkimbilia kaka yake aniambie kwa nini aliniachia shemeji kama huyu. Wakacheka tena, mara hii wakimcheka yeye, si mimi. Lakini Loice, njiani kurudi nyumbani lile neno lilinichoma. Miaka sita mjane, na kicheko chao chote kiko kwenye mwanamume.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeenda Kisii kununua raba kwa Padma, yule mjane wa Chandulal mwenye duka la viatu karibu na stendi. Nilikuwa namwogopa tangu zamani, maana hacheki na mtu. Nilichukua raba ya kwanza niliyoiona.

"Ya mtoto?" akaniuliza.

"Yangu."

Akanitazama juu ya miwani. "Kukimbia ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Mama, hii itapasuka kumi na tano." Akaingia nyuma, akatoka na jozi nyingine ya rangi ya machungwa, mbaya kuitazama. "Mteja aliagiza, hakurudi. Vaa. Simama. Nipe kidole." Akakibonyeza kidole changu gumba kama mtu anayejaribu parachichi. "Sawa. Sasa, hiyo sketi itakuangusha. Ikilowa ni kilo tano."

Nikamwambia suruali siwezi.

"Mimi mjane, wewe mjane," akasema. "Nani anatutazama?"

"Nina mkwe."

Akacheka, mara ya kwanza namwona meno. "Mimi pia nina mkwe. Ndiyo maana nashinda dukani."

Ijumaa, 11 Aprili

Wanne. Kilomita tisa. Mvua haijakatika siku sita, barabara ya juu imekuwa uji. Wale saba wote wana sababu nzuri, na nimezisikiliza zote nikiitikia kwa kichwa: mtoto ana homa, mume amekataa, kifua, magugu, harusi ya binamu. Filamu ile ilikuwa ya dakika hamsini na mbili. Machozi yao, naona, nayo yalikuwa ya dakika hamsini na mbili.

Mungu anisamehe kwa sentensi hiyo. Lakini siifuti.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Watatu. Kilomita kumi.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Wawili, mimi na Celestine. Amenishika mkono pale mlimani akasema, "Dada Persis, hata wakibaki wawili, Bwana yuko katikati." Nilikimbia kilomita mbili za mwisho bila kuhisi goti.

Jumatatu, 28 Aprili

Kemuma amekuja. Mwanangu huyu tangu aolewe na Anyona akija anakuja na unga na sukari, akae hadi jioni. Leo amekuja mikono mitupu na hakuvua koti.

"Mama, watu wanasema."

"Watu gani?"

"Mama yake Anyona. Anasema mkwe wao anakimbia barabarani kama msichana ambaye hajaposwa. Na Anyona mwenyewe, nikuambie? Juzi amebeba abiria, akakuona mbele yake mlimani, sketi imepanda. Akageuza pikipiki akarudi alikotoka. Abiria akamuuliza kama amepagawa."

Wewe umekaa huko miaka minane, Loice, lakini hujasahau chinsoni. Mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawakai meza moja, na goti lake haruhusiwi kuliona. Tuko kanisani, mengi ya zamani tumeyaacha, lakini heshima hiyo hatukuiacha, na mimi kuliko wote. Siku Anyona alipoletwa hapa mara ya kwanza, kijana wa watu kwa kiherehere alininyooshea mkono. Mimi nikaficha wangu mgongoni mbele ya wazee wote, nikamwacha amesimama mkono umening'inia. Wazee walinisifu. Nilijiona mwanamke wa maana. Na tangu siku hiyo, miaka mitatu, akileta kitu anakiweka mlangoni, anakohoa, anarudi hatua tatu, ndipo natoka.

Nikamwambia Kemuma nitaishusha sketi.

"Si sketi, Mama. Acha tu. Uliza mtu yeyote, ni wewe uliyenifundisha kwamba nyumba isiyo na chinsoni ni zizi la ng'ombe."

"Na mimi maisha yangu yote nimewaza ya watu wengine," nikasema. "Mbio moja, Kemuma. Moja."

"Basi ukiaibika usiniite," akasema. Hakunywa chai.

Usiniite. Nimeongeza pindo shubiri nzima. Sasa sketi inafika kwenye kifundo cha mguu, na inanikamata hatua kama kamba ya mbuzi.

Jumatano, 7 Mei

Celestine hakuja leo. Nilimngoja kwenye njia panda hadi kukapambazuka, kisha nikaenda kwake. Nikamkuta anapiga pasi kitambaa cha kichwa.

"Dada Persis, nilitaka kukuambia," akasema. "Waandalizi wameniomba niwe kwenye kamati ya kupokea wageni. Na nitafungua kwa maombi. Unajua si mimi niliyetafuta."

"Na mbio?"

"Kila mtu ana mbio zake. Mimi zangu zitakuwa kwenye hema. Nitakuombea kila kilomita."

Maombi sikatai. Lakini maombi hayapandi mlima kwa niaba ya mtu.

Nimekimbia kumi na nne peke yangu. Mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Mmoja.

Jumapili, 25 Mei

Nilisahau kuandika wiki mbili. Chai imejaa, nachuma tangu asubuhi hadi vidole vinakuwa vyeusi, kisha nakimbia jioni au alfajiri, kisha nalala kama gogo. Leo nimekimbia thelathini. Hadi Nyamira mjini, nikaipita, nikageuka na kurudi. Thelathini, Loice! Pale mteremkoni mvua ilikatika, jua likatoka juu ya mashamba yote ya chai kwa wakati mmoja, na mimi peke yangu barabarani. Nikamwambia Mungu, kama unataka kunichukua nichukue sasa, sina deni na mtu na sina hasira na mtu. Hakunichukua. Baada ya kilomita mbili hasira ikarudi.

Nikiitazama ile filamu siku hizi siangalii tena mlima wala theluji. Naangalia wale watu wa barabarani. Naangalia nyuso zao moja moja. Najiuliza walitoka wapi.

Jumamosi, 7 Juni

Sabato njema. Sikufanya kitu ila kupumzika na kuomba. Mchungaji amewaombea "wakimbiaji wetu," kwa wingi. Kemuma hajapiga simu tangu aje. Nimempelekea ujumbe kwamba kesho nitapita kwao saa sita hivi, asimame tu mlangoni. Hajajibu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimelala kutwa. Sasa nimekaa kitandani na miguu kwenye beseni, nitaandika yote, hata nikimaliza kalamu.

Tulikuwa watu mia nne pale Magwagwa. Celestine alifungua kwa maombi ndani ya tisheti mpya ya kamati, akanipungia, akaingia kwenye gari la wageni. Bunduki ikalia. Wale vijana wembamba walipotea kama moshi. Mimi nikakaa nyuma, mwendo wangu ule ule, pumzi mbili hatua tatu. Watu walikuwa barabarani, si uwongo, hadi Nyamira walikuwepo. "Omong'ina, mama mzee, pole pole, Kisii haihami!" Mwingine, "Mama, shika hiyo sketi, itafika kabla yako!" Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha. Nataka ujue hilo kabla ya mengine: hadi saa nne nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nizae.

Saa nne mvua ikaja. Si mvua ya kunyesha, ya kumwagwa. Watu wakaingia vibandani, wakimbiaji wengi wakapanda magari. Sketi ikalowa hadi pindo. Padma alisema kilo tano. Mimi nasema kumi. Ikawa inanipiga kwenye misuli ya nyuma ya mguu kila hatua. Lakini sikusimama. Nilipofika kwenye kibao cha kilomita ya thelathini na saba nikamwuliza mlinzi mmoja saa. Saa sita na dakika tano. Zimebaki tano, nina dakika hamsini na tano. Loice, ningetembea ningefika! Nilianza kuimba.

Kwenye kibao cha thelathini na nane, pale penye mikaratusi na hakuna nyumba karibu, misuli ya mguu wa kulia ikakaza ghafla kama mtu ameikunja kwa koleo. Nikaanguka upande, nikaingia mtaroni. Sketi ikapanda hadi huku juu ya goti. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini.

Kila kilomita waliweka mwendesha boda boda na maji, kusaidia waliochoka. Nikasikia mtu akikimbia kuja, kisha akasimama ghafla. Nikainua kichwa nikaona mgongo. Alikuwa ameshageuka.

"Mama," mgongo ukasema.

"Anyona? Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Maji nimeyaweka hapo juu ya jiwe."

Jiwe lilikuwa hatua tatu.

"Silifikii, mwanangu. Misuli imekaza. Shika kidole cha mguu, usukume huku juu, itaachia. Dakika moja tu."

"Mama, siwezi."

"Nimekuruhusu."

"Mama, si wewe unayeruhusu."

Alivua lile koti lake la kung'aa, akalirusha nyuma bila kutazama ili nijifunike. Likaangukia kwenye maji ya mtaro likapelekwa. Nikasema tena, nikamsihi kwa jina la Mungu tunayemwabudu mimi na yeye. Akatoa simu. Kwa sababu ya mvua aliiweka sauti kubwa, nikasikia kila kitu.

"Kemuma, mama ameanguka huku. Ni misuli. Anasema nimshike mguu."

Kisha sauti ya mwanangu: "Hakuna mwanamke hapo karibu?"

"Hakuna mtu kabisa."

"Basi ngoja mwanamke apite. Usimguse. Mimi nilimwonya."

Akaniambia bila kugeuka, "Mama, umesikia." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichoazimwa.

Wakimbiaji nyuma yangu hawakuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, sikujua. Tukakaa hivyo. Mimi mtaroni nikijaribu kuukunja mguu mwenyewe, kila nikiugusa unakaza zaidi, na yeye amesimama kama mlingoti, uso kwenye mikaratusi, akiangalia huku na huku kama kuna sketi nyingine inakuja. Hakuondoka. Hilo namhesabia mema. Angeweza kuondoka na hakuondoka. Alinyeshewa pamoja nami dakika ishirini na mbili, hatua nne kutoka kwangu.

Akatokea mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Anyona akampigia kelele. Yule mama hakuuliza lolote, akatua ndizi zake, akashuka mtaroni, akaushika mguu wangu akauvuta kama anang'oa muhogo. Ukaachia. Akanishusha sketi, akanipangusa uso kwa leso yake, akajitwika ndizi akaenda. Hata jina lake sikuuliza.

Nikamwuliza Anyona saa. "Saa sita na dakika arobaini na moja, Mama." Bado mgongo.

Kilomita nne, dakika kumi na tisa. Hata wale wembamba wangehema. Nikaanza tu kukimbia, nikichechemea. Nilipita kwenye njia ya kwao Kemuma. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mjini mvua ilikuwa imekatika, watu wamerudi kwenye biashara zao, wanauza ndizi, wanabishana, hakuna anayetazama barabara. Nje ya duka lake Padma alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu, na saa mkononi. Akasimama. Akapiga makofi, peke yake, makofi mazito kama anayekung'uta mkeka. "Mama Persis! Bado! Usisimame!" Wapita njia wakamtazama yeye, si mimi.

Nilifika langoni saa saba na dakika kumi na tano. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Kijana mmoja alikuwa anakunja ule mkeka wa kuhesabia wakimbiaji. Akasema, "Mama, mbio ziliisha." Nikapita kwenye kilango cha pembeni, nikauzunguka uwanja mzima ndani ya matope, nikafika palipochorwa chokaa, nikauvuka mstari. Hakuna aliyeona. Hemani walikuwa wanakula. Medali zao walizichongesha kule Tabaka kwa wachonga mawe, za lile jiwe jeupe, nzuri kweli, zina picha ya mkungu wa ndizi. Kwa kuwa waliomaliza walikuwa wachache, zilizobaki waliwavisha wageni na kamati. Celestine alikuja kunikumbatia na yake ikanigonga kifuani.

"Umefika!" akasema. "Tazama Bwana alivyo mwema! Umechelewa kidogo tu!"

Ubao ulikuwa pale. Majina mia moja na sita. Niliyasoma yote.

Jumapili, 15 Juni

Jana kanisani Celestine alitoa ushuhuda. Alisema filamu moja iliwasha moto, na kwamba "sisi kina mama wa Dorkasi tulikimbia mbio zetu." Amina zilikuwa nyingi. Kisha mzee wa kanisa akasimama. Habari ya kilomita ya thelathini na nane ilishafika, sijui nani aliileta. Hakunitaja jina, lakini kila shingo iligeuka. Akasema siku hizi vijana hawana adabu, ila kuna mkwe mmoja aliyesimama kwenye mvua akatunza heshima ya mama mkwe wake kuliko roho yake mwenyewe, na huyo ni mfano. Makofi, Loice. Kanisa zima lilipiga makofi.

Niliketi pale mkono kwenye goti. Nikajiambia, simama useme alikuacha mtaroni. Kisha nikajiambia, na wewe ulimwacha na mkono umening'inia mbele ya watu, na makofi yalikuwa haya haya, ya wazee hawa hawa.

Sikusimama.

Jumatatu, 16 Juni

Jua. Nimechuma chai.

Jumapili, 22 Juni

Jua. Miguu imepona. Sijakimbia.

Jumatano, 2 Julai

Mvua imekwisha kabisa, na mwalimu Onsongo anaondoka kesho asubuhi, kwa hivyo leo lazima nifunge.

Kemuma hajaja. Nilimpigia mara mbili. Mara ya kwanza alisema yuko sokoni. Mara ya pili nikamwuliza waziwazi, "Ulisema asiniguse?" Akasema, "Mama, ningesema aguse, leo ungekuwa unaniuliza kwa nini nilisema aguse." Akakata. Nimeligeuza neno hilo kwa siku nyingi. Nilitaka kulikasirikia lakini halina pa kushikwa. Ni kweli ningemuuliza. Ningemuuliza mbele ya watu.

Anyona naye hapiti tena. Zamani kila Ijumaa alikuwa akileta mboga za chinsaga kutoka shamba la mama yake, anaweka mlangoni, anakohoa. Wiki tatu sasa mlango hauna kitu. Wanasema amebadilisha stendi, anabebea abiria upande wa pili wa mji, asije akakutana nami.

Jumapili usiku aliniletea ujumbe kwenye simu. Maneno mawili: "Mama, nisamehe."

Nimeyatazama siku tatu. Kama anaomba msamaha kwa kuniona, nikimwambia nimekusamehe nitakuwa nimekiri kwamba aliniona, na hataweza tena kunitazama hata mgongo, na Kemuma atabaki kati yetu. Kama anaomba msamaha kwa kutonishika, nikimwambia nimekusamehe nitakuwa nimemwambia kijana wa watu kwamba alikosea, na kosa lenyewe nimempa mimi kwa mkono wangu ule niliouficha. Nikinyamaza, atajua nina kinyongo. Na ninacho, Loice. Sijui tu ni cha nani.

Nimeandika jibu mara tano nikafuta mara tano. Wewe ndiye ndugu niliyebaki naye, na umewashika wazee wa watu miaka minane, wanaume kwa wanawake, ukiwaosha, hujui ni mkwe wa nani. Labda huko umejifunza neno ambalo sisi hatuna. Mwalimu atakupa daftari hili mkononi. Lisome lote, hata usiku wa kazi, kisha usinitumie filamu tena. Nijibu kwa maandishi, ukurasa mmoja unatosha, uniambie nimwambie nini. Usichelewe, mdogo wangu. Kijana anangoja.

Dada yako,
Persis